Siku Tanuri Lilipokwama Mlangoni

Tanuri lilikwama mlangoni, nusu ndani nusu nje, na wabebaji wakaliacha hapo wakaenda kutafuta kivuli. Mama Mikate alikuwa amekaa juu ya gunia la unga, mikono imelala mapajani. Hakuonekana kusikitika. Nikikumbuka leo, miaka mingi baadaye, nadhani alikuwa akimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Tulikuwa wanafunzi wa shahada ya pili, tumetoka ng'ambo kuja kujitolea kwa wanawake wenye biashara. Kiongozi wetu tulimwita Bwana Mpango, maana hata kunywa maji alikuwa na mpango wake. Mimi peke yangu niliijua lugha ya pale, nimeirithi kwa mama yangu, kwa hiyo nilikuwa mdomo wa wote. Wakisema, nasema, wakikohoa, karibu nitafsiri kikohozi. Kufikia mwisho wa msimu ule nilikuwa hoi. Jioni sikutaka kuongea hata na nafsi yangu.

Mama Mikate ndiye aliyekuwa fahari ya mradi. Tangu afiwe na mumewe aliamka kabla ya majogoo, akakanda, akaoka, akasomesha watoto mpaka kitinda mimba naye akapata kazi. Tanuri hili la pili, zawadi ya mradi, lingemwezesha kuoka mara mbili ya zamani. Sharti lilikuwa moja tu: akilipokea, asifunge duka kwa miaka mitano.

"Tuvunje ukuta," alisema Bwana Mpango. "Mwambie tutaujenga upya."

Nikamwambia. Mama Mikate aliutazama ukuta ule kwa muda. Kwenye rangi palikuwa na doa jeusi, pale alipozoea kuegemeza mgongo akisubiri mikate iive.

"Mwanangu, waambie wasiuvunje," alisema. "Waambie naacha kazi hii."

"Unaacha? Leo?"

"Nimechoka. Watoto wameshakuwa watu wazima. Nataka nilale mpaka jua linipige usoni, basi. Na usinipambie maneno, mwanangu. Yapeleke hivyo hivyo."

Nikayapeleka hivyo hivyo. Bwana Mpango akauliza kama ni mgonjwa. Nikasema hapana, amechoka. Akauliza tena kwa njia nyingine, akitafuta jibu litakaloenea kwenye mpango wake, nami nikarudia lile lile. Kadiri nilivyorudia ndivyo sauti yangu ilivyopanda, kwa sababu neno lile lilikuwa langu pia, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Muuza chai wa mlango wa pili alikuwa amesimama kizingitini kwake akisikiliza bila hata aibu. Akadakia, "Jirani, mkataa pema pabaya panamwita."

"Acha paite," alisema Mama Mikate. "Nitaitika nikishaamka."

Muuza chai alicheka mpaka akashika ukuta. Mlango wake ulikuwa mpana, na Bwana Mpango alipoupima kwa macho akabadili mpango. Kabla jua halijazama tanuri lilikuwa kwake, pamoja na trei zote za Mama Mikate na maelekezo ya kukanda aliyopewa kwa haraka, huku mwalimu wake akipiga miayo.

Alfajiri iliyofuata miguu ilinipeleka pale kwa mazoea, maana nilikuwa nikimsaidia kukanda. Nikakuta mlango wa duka umefungwa; yeye alilala chumba cha nyuma. Nikakaa kizingitini. Wateja wakaanza kuja: dereva wa lori, muuguzi aliyetoka zamu, mwalimu mkuu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Kila mmoja aliinua mkono abishe.

"Amelala," niliwaambia.

Mkono ukashuka. Wakaenda mlango wa pili, ambako mikate ya kwanza ilikuwa imeungua chini, wakainunua hivyo hivyo. Mwalimu mkuu aliagiza wake kwa kunong'ona.

Jua likanifikia miguuni, kisha magotini. Nikaegemeza kichwa kwenye mbao za mlango, nifumbe macho kidogo tu. Nikiwa katikati ya usingizi nilisikia nyayo zikikaribia, kisha sauti ya chini ya muuza chai.

"Amelala," alimwambia mteja. "Na huyu naye usimwamshe."