Vifungo Saba vya Mzee Protas

"Nimesema sivai fulana mbele ya mgeni. Nipe shati na tai."

"Baba, huyu si mgeni. Ni nesi wa kaunti, anakuja kuona kama unastahili msaidizi."

"Anayebisha hodi ni mgeni. Kwani wewe ulilelewa wapi?"

"Kwako," alisema Dafrosa. "Ndiyo maana tumefika hapa."

Mzee Protas alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono wa kulia umemlalia mapajani kama wa mtu mwingine. Alikuwa mwalimu mkuu Kibosho miaka ishirini na sita, na hakuna mzazi aliyewahi kumkuta bila tai. Kiharusi kilimpata hapa Coon Rapids, Marekani, mwaka wa tatu tangu ahamie kwa binti yake. Kilimnyang'anya mkono, mguu, na Kiingereza chote alichokuwa akifundisha. Kiswahili kilibaki, pamoja na ubishi.

"Mara ile nilivaa suti, na hakuna aliyekufa."

Dafrosa alifungua kabati. Ilibaki kidogo tu afe mtu.

Mara ile, Februari ya 2007, aliamka alfajiri, akamwogesha baba yake, akamvalisha suti, akamfunga vifungo saba vya shati na tai. Mzee hapokei mgeni akiwa ovyo. Nesi, mama mmoja mpole aitwaye Lois, alipouliza kama anavaa mwenyewe, Mzee Protas alijibu, "Mwambie sijambo, namshukuru Mungu. Naweza." Dafrosa akatafsiri hivyo hivyo, akamimina chai. Baada ya wiki mbili ikaja barua: anavaa mwenyewe, anakwenda chooni mwenyewe, hastahili msaidizi wa nyumbani. Kanuni ya kaunti haikuuliza mtu anaumwa kiasi gani. Iliuliza ni nini asichoweza kufanya bila mkono wa mwingine, na mkono huo wao walikuwa wameuficha.

Siku tisa baada ya barua, Mzee Protas alianguka bafuni. Ilikuwa saa nne asubuhi, Dafrosa yuko kazini, maabara ya hospitali. Mzee alivua kiatu kwa mkono mzima akagonga bomba la kupashia nyumba joto. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Aligonga mpaka saa tisa na nusu, mjukuu wake Tulia aliposhuka basi la shule na kumpigia mama yake simu kwamba Babu anagonga na mlango wa bafu haufunguki.

Tangu siku hiyo Dafrosa huyasikia mapigo yale. Maabara, katikati ya mngurumo wa mashine. Kwenye gari, akisubiri taa. Tatu, kimya. Hakumwambia mtu, yeye ni mtu wa vipimo, na hiki hakikuwa na kipimo.

"Baba, tukinyimwa msaidizi safari hii, ama naacha kazi, ama unakwenda nyumba ya wazee. Hakuna la tatu."

"Nimesikia. Tai."

Alimvalisha kwa hasira, vidole vikienda mbio: shati, koti. Alikuwa anakaza fundo la tai iliposikika: ko, ko, ko. Kimya.

Dafrosa aligeukia bafuni. Mlango ulikuwa wazi na ndani hamna mtu. Aliporudisha macho alimkuta baba yake naye anatazama huko huko.

"Kumbe na wewe unayasikia," alisema mzee.

"Kila siku, Baba."

"Mimi nilidhani ni mimi tu. Najiuliza ni nani bado yumo mle anagonga, na kwa nini hatumfungulii."

Kukagongwa tena. Safari hii walijua ni mlango wa mbele.

Dafrosa alilifungua fundo la tai. Akamvua koti, kisha vifungo, kimoja kimoja, vyote saba. Mzee Protas alitazama dari na hakumzuia. Dafrosa akaenda mlangoni, akamleta Lois moja kwa moja chumbani, bila chai.

"Mwaka jana nilimvalisha mimi," alimwambia. "Alisema anaweza. Nilijua hawezi, na bado nikakutafsiria. Leo keti hapo utazame."

Aliweka shati mapajani mwa baba yake.

"Vaa, Baba."

Akarudi nyuma hatua mbili, mikono yake akaifunga mgongoni.