Unapenda Nini Nje ya Kazi

Wifi yake alilitoa neno hilo huku anasugua sufuria, wala hakugeuka. "Leo ukirudi mikono mitupu, usihangaike kuvua viatu. Chukua begi lako hapo mlangoni na la mwanao, uende." Akaendelea kusugua kana kwamba kasema mvua itanyesha.

Kaka mtu alikuwa mezani anakunywa chai. Akajiongezea sukari. Ndivyo alivyo yule bwana, tangu aoe ulimi kamwachia mkewe. Na dada mtu mwenyewe, aliyeambiwa hayo, angesema nini? Alikuja pale kujihifadhi kwa muda, mume alipohama na kila kitu, godoro likiwemo, na huo muda sasa ulikuwa umepita mwaka. Binti yake alilala sebuleni juu ya mito ya makochi, na kila asubuhi wifi aliinusa mito ile mmoja mmoja, mtoto akiwa amesimama hapo hapo anaangalia. Mtoto wa darasa la pili, ananusiwa mito. Hilo ndilo lililomkera mama kuliko matusi yote.

Jambo moja tu kaka alisaidia. Alimkalisha dada yake akamfundisha usaili wa kazi aliokuwa anauendea. "Watakuuliza unapenda nini nje ya kazi. Sema kusoma vitabu, kusafiri na kujifunza mambo mapya."

"Mimi nimesafiri wapi?"

"Nani atajua? Hata mimi nilisema hivyo hivyo nikapata kazi."

Basi akaenda na hayo matatu kichwani, na roho mkononi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza stoo kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi: rangi, mabomba, misumari, saruji. Aliwahi kuifanya kazi ya namna hiyo kabla hajaolewa, hakuwa na wasiwasi nayo. Wasiwasi ulianza alipoingia chumbani. Watu watatu nyuma ya meza. Katikati meneja, mtu wa shingo nene, shati limembana. Kulia kwake mama mmoja wa makamo, afisa utumishi. Kushoto mhasibu, anasinzia waziwazi bila haya.

"Kaa," meneja alisema. "Hapo hapo kilipo. Usivute kiti, unanikwaruzia sakafu."

Akakaa mbali na meza, mikono haina pa kuwekwa. Afisa utumishi akamuuliza ya stoo, akajibu vizuri. Meneja hakuwa anasikiliza, alikuwa anachokonoa kucha kwa kibanio cha karatasi. Lilipofika lile swali la nje ya kazi, akainua kichwa.

"Napenda kusoma vitabu," mwanamke akasema.

"Kitabu gani cha mwisho?"

Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Tangu asubuhi napokea wasomaji hapa," meneja akasema. "Wasomaji watupu. Hakuna hata mmoja aliyesoma tangazo letu likaisha. Kingine?"

"Kusafiri."

"Umefika wapi?"

Akataja mji alikozaliwa. Meneja akacheka puani, akamgeukia mhasibu ambaye hata hakuamka. "Huyu anasafiri kwenda kwao. Kingine, au ndiyo mwisho? Maana nina watu nje, mama, na mimi siyo mtu wa kupotezewa muda na kila aliyekosa cha kufanya nyumbani."

Hapo damu ikamchemka. Si mtu wa hasira za haraka, lakini tangu asubuhi alikuwa amemezeshwa vya kutosha, kwanza na wifi na sasa na huyu. Akaona liwalo na liwe, aseme ukweli wake aondoke.

"Nacheza drafti," akasema. "Tangu mtoto. Hakuna kitu ninachokipenda kama drafti."

Mhasibu akafumbua macho. Afisa utumishi akamtazama mwanamke, akatikisa kichwa taratibu sana, kidogo tu, kama mtu anayemkataza mtoto asiguse pasi ya moto. Na meneja, kwa mara ya kwanza, akatabasamu.

"Wewe. Drafti. Alikufundisha nani?"

"Baba. Alikuwa fundi viatu. Aliniachia ubao wake."

"Fundi viatu." Akavuta droo, akatoa ubao uliopakwa vanishi na kete za mbao zinazong'aa, akaupangua mrundo wa mafaili kwa mkono mmoja. "Sasa unaweza kuvuta kiti. Tuone mafundi viatu wanafundishana nini."

Wakacheza. Haikuchukua muda mwanamke kumjua mtu wake. Meneja alicheza kwa fujo, anasukuma kete mbele, nyuma kwake kuko wazi kama nyumba iliyohamwa. Ni uchezaji wa mtu ambaye hajafungwa siku nyingi, na si kwa sababu anajua. Mwanamke akaanza kufurahi, ndiyo, pamoja na yote. Vidole vilipata joto lile la zamani. Akamla moja, akamla ya pili. Mhasibu akakohoa. Meneja akaacha kutabasamu.

Afisa utumishi akaangusha kalamu. Alipoinama kuiokota upande wa mwanamke, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, una watoto?"

"Mmoja."

Yule mama akautazama ubao, kisha akamtazama yeye. Akarudi kitini kwake, akatazama dirishani.

Hapo ndipo mwanamke alipoelewa chumba alichomo. Hawa wawili walikuwa wanacheza na huyu mtu kila siku, na kila siku wanakubali kufungwa.

Akatazama ubao, na ole wake, nafasi ilikuwa imekaa pale inamsubiri. Kona ya kushoto. Amlishe kete moja, na kwa kuwa kula ni lazima, meneja angekula, na kwa kula angefungua njia nzima. Halafu yeye angezoa tatu mfululizo na kutua mwisho wa ubao, kete igeuke kingi. Mchezo ungeishia pale. Aliona kila hatua.

Akamkumbuka baba yake. Mzee yule hakuwa na mkubwa kwenye drafti. Siku moja alimfunga mwenye nyumba wao mbele ya wapangaji wote, akamfunga tena alipoomba marudiano, na wiki haikuisha wakawa barabarani, mama kabeba sufuria, yeye kabeba ubao. Mama alilia njia nzima. Baba alikuwa anapiga mluzi. Na yeye, mtoto, alimpenda baba yake siku ile kuliko siku zote, akaapa atakuwa kama yeye.

Lakini siku ile hakuwa yeye aliyebeba sufuria. Akayaona kichwani mabegi mawili mlangoni kwa wifi, dogo juu ya kubwa.

Akasukuma kete ya kulia.

Meneja akala. Akala tena. Akapata kingi, akakipiga mezani kwa kishindo, akatembea nacho ubao mzima anafagia. Mhasibu akasema, "Bosi, wewe huna mpinzani," kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Afisa utumishi alikuwa bado anatazama dirishani.

"Wafukuze walio nje," meneja akamwambia. "Huyu aanze Jumatatu. Nendeni, nimalizane naye."

Walipotoka, akaanza kuzipanga kete upya, polepole. "Kona ya kushoto," akasema. "Uliiona."

Mwanamke akaweka kete moja mahali pake.

"Nimekuuliza."

"Niliiona."

"Nilijua." Akaegemea kiti. "Hawa wangu hawaoni kitu. Unamfunga mtu kipofu, raha iko wapi? Sasa wewe unaona kila kitu, na bado utakaa ufungwe. Saa ya chakula, kila siku, uje hapa. Na usinichezee kitoto. Nataka ucheze kwa akili zako zote mpaka pale mwisho utakaponiachia. Tumeelewana?"

Alimchukia mtu yule kwa chuki ambayo hakuwahi kumpa hata mume aliyekimbia na godoro. Angeweza kuupindua ubao ule usoni kwake. Mikono ilikuwa tayari.

"Tumeelewana, bosi," akasema.

Nyumbani alikuta mabegi mlangoni kweli, na binti yake amekaa juu ya lile kubwa na sare za shule. Akavua viatu. Wifi akatoka jikoni, akaviona vile viatu, akaelewa, uso ukambadilika mara moja kama taa iliyowashwa. "Wifi yangu jamani. Nilijua tu utapata. Walikuuliza nini?"

"Waliuliza napenda nini."

"Na kusoma ulisema?" kaka akadakia kutoka mezani. "Si nilikwambia?"

Dada mtu akaweka viatu pembeni. Alikuwa anawaza chumba cha kupanga, kitanda cha mtoto, mto usionuswa na mtu. Hayo yote sasa yangepatikana, na alifurahi, asiseme mtu kwamba hakufurahi.

Mtoto alikuwa ameshafungua begi, ametoa ubao wa babu na mfuko wa vizibo vya soda, ndizo kete zao, anapanga sakafuni kama kila jioni. "Mama, njoo. Leo nitakufunga."

Akakaa, akasukuma kizibo cha kwanza. Mtoto akasukuma chake. Hawakufika mbali, mtoto akaacha kona wazi, kosa lake la siku zote, na siku zote mama yake humla pale pale bila huruma ndipo amwonyeshe. Mama akaiona. Mkono ukapita juu ya ile kete, ukaenda kusukuma nyingine, wenyewe, bila kutumwa.

"Mama," mtoto akasema, "mbona hukula? Si umeona?"

Mama akautazama mkono wake. Halafu akaanza kurudisha vizibo mfukoni, kimoja kimoja, akamwambia mtoto akalale.