Luhaga Ainua Mkono

Luhaga, mkulima wa pamba wa Magu, hakuogopa fahali wala fisi, lakini daktari wa meno alimwogopa. Utotoni wanaume wawili walimkamata huku wa tatu akimng'oa gego bila ganzi. Basi gego jingine lilipovunjika alivumilia, hadi mkewe Sabina akampeleka Mwanza, kwenye kliniki ya binafsi, mojawapo ya zile zilizoanza kufunguliwa miaka ile.

"Shikamoo, baba," alisema daktari Bushra.

"Marahaba."

"Jino hili siling'oi. Nitalichonga, kisha tutalivisha kofia ya chuma. Ukisikia maumivu, inua mkono, nitaacha."

Alipokwisha kumchoma ganzi, akawasha mashine. Luhaga akainua mkono. Bushra akaacha.

"Inauma?"

Akatikisa kichwa kukataa. Baada ya muda akauinua tena, na Bushra akaacha tena bila kununa. Mara ya tatu daktari akatabasamu.

"Unanijaribu, baba."

"Ndiyo, mwanangu," akajibu Luhaga, ulimi mzito kwa ganzi. "Sasa endelea."

Wiki iliyofuata, kofia ilipokuwa tayari, alikwenda kuvishwa peke yake.