Kura ya Kupeana Migongo

Rodrigue alikuwa président wa site, yaani kambi ya wakimbizi, kwa miaka minne bila kuchaguliwa na mtu yeyote. Aliwekwa na wakubwa wa serikali, wakubwa wakamzoea, naye akakizoea kiti. Watu wa Bule waliokimbia vita na kujibanza chini ya maturubai hapa pembeni mwa Bunia wangeendelea kumvumilia, maana unga ulipita mikononi mwake. Kilichowachosha ni habari ya malori.

Malori yalikuwa yaje kuwarudisha Bule. Wakubwa walitaka ionekane kwamba amani imerudi, na Rodrigue aliwajibu kwa niaba ya wote: ndiyo, tunarudi. Hakuuliza hata jirani yake. Na hiyo amani Geneviève, mmoja wao, aliijua vizuri. Mume wake, Fabien, aliiamini msimu uliopita, akaenda kuchimba viazi vyake. Alirudishwa juu ya pikipiki, amefungwa ndani ya mkeka.

Basi Geneviève akasimama baada ya misa akasema mbele ya watu: atakayejibu juu ya malori awe mtu tuliyemchagua sisi. Watu walipiga makofi ya chinichini, huku wakichungulia mlango. Ajabu ni kwamba kapiteni aliyelinda site alikubali upesi, na Geneviève, badala ya kujiuliza kwa nini, alifurahi.

"Uchaguzi? Muzuri," kapiteni alisema. "Lakini siye hatuna karatasi. Mutapanga mistari. Mwenye anamutaka Rodrigue, asimame nyuma ya Rodrigue. Mwenye anamutaka huyu mama, nyuma ya mama."

Hapo ndipo Geneviève alipouona mtego. Nani angesimama hadharani dhidi ya mgawa unga, huku Rodrigue anamkodolea macho? Akafikiri haraka, akaomba jambo moja: wagombea wawape watu mgongo, na wasigeuke mpaka watu wahesabiwe na kutawanyika. Kapiteni akacheka, akakubali hilo nalo. Alionekana kulifurahia kuliko Geneviève mwenyewe.

Asubuhi ya kura wakasimamishwa mbali kidogo, yeye na Rodrigue, nyuso zao zikitazama barabara. Mbele yake Geneviève aliona pikipiki zikipita na vumbi lao, na mama mmoja muuza makaa akipumzisha mzigo. Nyuma yake hapakusikika mguu hata mmoja.

"Vipi, mumekufa?" kapiteni akafoka.

Mtu mmoja akatembea. Akakohoa, na kikohozi hicho Geneviève angekitambua popote: Bernadette, mama mzazi wa Fabien, aliyelala naye hema moja. Kikohozi kikapita, kikaenda upande wa Rodrigue, kikatulia huko. Geneviève akauma mdomo. Kama mama wa marehemu ananikataa, alijiuliza, nani atanikubali? Alitamani ardhi immeze.

Kisha miguu ikaanza. Mingi, ya kuburuza, ya peku na ya kandambili, na magongo ya vilema katikati yake. Ilikuwa inakwenda wapi? Alisikiliza mpaka shingo ikamuuma, asiambulie kitu. Kando yake Rodrigue alikuwa anatabasamu, mtu mwenye uhakika na chakula chake cha mchana.

Kapiteni akapita akihesabu kwa Kifaransa, haraka haraka, akaacha katikati. "Imeisha. Rodrigue ameshinda. Tawanyikeni!"

Geneviève akaelewa, na akili yake mwenyewe ikamchoma. Ni yeye aliyeomba migongo. Ni yeye aliyempa huyu mtu nafasi ya kusema lolote, kwa sababu wagombea hawakuona kitu. Lakini nyuma hapakusikika shangwe, wala mguu kuondoka.

Rodrigue ndiye aliyegeuka kwanza, mikono ameinua kuwapungia watu wake. Mikono ikabaki juu. "Watu wangu iko wapi?" akauliza, kama mtoto.

Geneviève naye akageuka. Nyuma yake mstari ulikwenda ukazunguka bomba la maji, ukapotea kati ya mahema. Nyuma ya Rodrigue walikuwa watu watano, Bernadette akiwa wa kwanza, ameegemea fimbo. Macho yao yakakutana. "Mutoto wangu, usinichukie," bikizee akasema. "Mi nataka kufia kwangu." Geneviève akatikisa kichwa kwamba hamchukii, na kweli hakumchukia.

"Nimesema mutawanyike!" Askari wakaondoa bunduki begani. Mstari ukatetemeka lakini haukukatika.

Rodrigue hakuwa anamtazama kapiteni. Alikuwa anamtazama Gracieuse, mke wake, aliyesimama kwenye mstari wa Geneviève na mtoto mgongoni.

"Hata weye?"

"Sirudi Bule, Rodrigue. Na weye unajua sababu: Fabien ulimuona ndani ya mukeka."

Alijua. Akashusha mikono yake taratibu. "Kapiteni," akasema, "siwezi kuongoza watu tano. Wakubwa waambiwe kweli."

Kapiteni akakasirika kwelikweli, kwa sababu sasa hakuwa na mtu wa kumtangaza. Akawapigia wakubwa simu, akaeleza maneno mawili matatu, kisha akamsukumia Geneviève ile simu. "Basi waambie weye mwenyewe."

Sauti ya mkubwa ikauliza malori yaje lini. Geneviève aliogopa kuliko siku aliyokimbia Bule, kwa sababu siku ile alikimbia na wengi.

"Yasikuje," akasema. "Hatuendi."

"Weye ni nani?"

"Ni président wa site. Wamenichagua."

Simu ikakatika. Kapiteni akaichukua, akaifuta kwenye suruali, akamsogelea mpaka Geneviève akasikia harufu ya sigara. Alizungumza kwa upole sana.

"Mama, tente yako ni ipi?"

Mstari wote ulisikia. Geneviève aliangalia mahema, yaliyofanana karibu yote. Angeweza kuonyesha lolote.

"Ile ya bâche ya kijani," akasema, akinyoosha kidole kwenye turubai la hema lake mwenyewe. "Utanikuta."