Waya wa Alhamisi

“Hifadhi ile mimi naijua kuliko jiko langu,” Bibi Mashavu aliwaambia akina mama wa Masuguru siku kikundi chake kilipopeleka nyaya Korogwe. Akawaacha wamwangalie kwa heshima kidogo, kisha akaongeza, “Sema jikoni kwangu siku hizi anapika mkwe, na hifadhini sijafika hata getini.”

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Aliyecheka zaidi ni Mwalimu Grasiana, mstaafu aliyeanzisha shirika lile la marafiki wa hifadhi. Shirika lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na watu wake wote walikuwa wa kujitolea, yaani mshahara wao ulikuwa chai na maandazi, na maandazi hayakuwa ya kila wiki.

Kazi yao ilikwenda hivi. Huku Handeni, kwenye vijiji vya mwisho ambako ardhi inateremkia pwani na pori la hifadhi linaanzia nyuma ya mashamba, vikundi viliingia vichakani kila Jumamosi kutafuta mitego ya waya. Waliitegua, wakaikunja, wakaipeleka Korogwe. Kule Masuguru akina mama waliipinda kwa koleo ikawa bangili na vitembo vya kuning'iniza, wakawauzia wageni wanaokwenda hifadhini, na kilichopatikana kikanunua buti na vocha za vikundi. Miaka sita Bibi Mashavu alikuwa kwenye kazi hiyo. Nyaya alizotegua kwa mikono yake zingezunguka kijiji na kubaki za kuanikia nguo.

“Mwaka huu utafika, bibi,” Grasiana alisema. “Gari litabeba watatu, wale waliotegua nyingi kuliko wote. Siku mbili ndani ya hifadhi. Mtamwona tembo, mtaona na bahari.”

Bibi Mashavu alikuwa na miaka sitini na nane, na bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda tu. Aliyeshika nafasi ya tatu alikuwa mzee mmoja wa Kimasai wa kikundi cha jirani, Keriako, aliyemzidi nyaya tano. Nyaya tano si kitu, mtu angesema. Lakini kazi ilikuwa imefanyika vizuri mno. Mitego ilikuwa imekwisha porini. Jumamosi tatu mfululizo walirudi na majani kwenye soksi na mikono mitupu, na Godfrey, kiongozi wao, akawa anafurahi kama mtu aliyepata mtoto. Bibi Mashavu naye alifurahi, kwa mdomo.

Ndipo akaenda kwa fundi wa bodaboda akaomba nyaya kuukuu za klachi.

“Za nini, bibi?”

“Kamba ya nguo. Kanga zangu nzito, zimejaa maneno.”

Kuzipeleka hivi hivi isingewezekana. Grasiana hakupokea waya usio na picha. Lazima Godfrey aupige picha kwa simu ukiwa bado umetegwa, na mahali paonekane. Kwa hiyo Alhamisi jioni Bibi Mashavu alikwenda kwenye njia ya wanyama inayoshuka korongoni, akatega. Akatega vizuri, maana kutega vibaya kungemfanya Godfrey aulize maswali. Alijua mafundo yote. Miaka sita ya kuyafungua ni shule tosha ya kuyafunga. Mpango wake ulikuwa mwepesi: Jumamosi asubuhi kikundi kipite pale, yeye apige ukelele wa mshangao, picha ipigwe, na nyaya zikunjwe kabla jua halijawa kali. Siku moja na usiku mbili, waya ungemla nani?

Ijumaa mchana ikaja habari kwamba dada yake wa Magoma amefariki.

Msiba wa dada hauna kutuma salamu. Alipanda gari na nguo moja ya kubadili, akakaa mkekani na wenziwe, akaosha vyombo, akapokea watu, na kila alipotaka kuondoka aliambiwa asubiri, matanga hayajaanuliwa. Jumamosi alimpigia Godfrey kumwuliza kama wamepita korongoni.

“Tumepita upande wa mabwawa, bibi. Bila wewe tuliona tufupishe. Pole sana na msiba.”

Angesema nini? Mbele ya wafiwa, na simu inasikika mpaka barazani? Alisema asante. Usiku ule alimlilia dada yake, na katikati ya kumlilia alikuwa akizihesabu nyaya, na hilo likamfanya alie zaidi, watu wakamsifu kwa mapenzi yake.

Alirudi Jumatatu magharibi. Jumanne, kabla hajapata hata kusingizia kuni aende korongoni, Nasha akawa mlangoni.

Nasha alikuwa mwanamke wa Kimasai wa boma la ng'ambo, mwenzake wa kikundi tangu mwanzo, mwenye macho ya kuona alama ya kwato juu ya jiwe. “Shikamoo, bibi. Pole na msiba. Vaa buti. Korongoni kuna kuro kwenye waya.”

“Marahaba,” Bibi Mashavu alijibu, na buti la kushoto akalivaa mguu wa kulia.

Kuro ni mnyama mkubwa wa kahawia, manyoya marefu, na matakoni ana duara jeupe. Siku zote Bibi Mashavu alikuwa akisema kuro amekalia chokaa mbichi na anaona haya kumwambia mtu. Huyu alikuwa jike. Waya ulimshika juu ya kwato ya mbele, ukazama, na kwa jinsi udongo ulivyochimbwa duara zima la waya, alikuwa amepigana nao si chini ya siku mbili. Sasa alikuwa amepiga magoti. Alipowaona aliinuka mara moja, waya ukamrudisha, akaanguka kwa ubavu, akatulia na kuwaangalia.

Bibi Mashavu aliujua ule waya. Ulikuwa bado na kile kichwa kidogo cha bati cha klachi.

“Nimeshampigia daktari wa hifadhi,” alisema Godfrey, aliyekuwa amewatangulia pale. Alikuwa kijana wa makamo, kitambulisho cha shirika kinaning'inia kifuani hata akiwa shambani. “Yuko ng'ambo ya mto, na mto umejaa. Anazunguka kwa barabara ya juu.”

“Barabara ya juu ni mwendo wa saa ngapi?”

“Nne. Tano. Kama hawajakwama.”

Nasha aliweka fimbo chini. “Mimi nimeshika ng'ombe dume wenye homa. Huyu hana hata pembe. Nishike kichwa, wewe kalia kiuno, bibi akate. Koleo si unalo?”

Koleo lilikuwa mkobani. Kila mwanakikundi alikuwa nalo.

“Hatugusi,” Godfrey alisema.

“Atakufa.”

“Nasha, dada yangu, hatugusi. Mwaka jana wale wenzetu walimfungua swala kwa nia njema kabisa, wakakutwa na damu mikononi. Walilala rumande siku mbili kabla hawajaeleweka. Sisi tunategua waya mtupu. Waya wenye mnyama ni wa daktari. Tunaangalia, tunaandika, tunapiga simu. Basi.”

“Kwa hiyo tumekuja kumtazama.”

“Tumekuja kumlinda na fisi.”

Wakakaa. Hakuna kazi ngumu kama ile ya kukaa. Jua likapanda. Kuro akapumua kwa mdomo wazi, nzi wakajaa mguuni, na watu watatu wazima, wenye mikono na koleo tatu, wakawa wanapunga nzi wao wenyewe. Godfrey alipiga simu kila nusu saa. Mara mtandao hakuna. Mara gari limepita kijiji fulani. Mara gari limezama kwenye matope na wanatafuta trekta. Grasiana naye alipiga kutoka Korogwe, sauti imemkauka: alikuwa amewasihi wakubwa watatu waruhusu kikundi kikate waya, na kila mmoja alimwelekeza kwa mwingine.

Bibi Mashavu alijaribu mzaha. “Daktari akichelewa hivi, mgonjwa atajifunza kusoma.” Hakuna aliyecheka. Hata yeye aliusikia mzaha ule ukidondoka kama sufuria.

Fundo lile alilijua. Ukilivuta linakaba, ukilisukuma kwa kidole gumba upande wa nyuma linaachia, bila kukata, bila damu. Kazi ya muda wa kumeza mate. Lakini mtu angeuliza amelijuaje fundo ambalo hajalisogelea. Na kutega kule ni kesi isiyo na dhamana ya haraka. Kijijini walishamwona mtu aliyekwenda jela kwa ajili ya digidigi mmoja akarudi akakuta mwanawe ameshaoa. Akijihesabia miaka yake, akaona kwamba yeye asingerudi, angeletwa.

Saa sita alisogea akachuchumaa hatua nne kutoka kwa mnyama. Godfrey akamwita, “Bibi!” Akasema anaangalia tu. Akamsemesha kuro kwa Kizigua, yale maneno ya kumbembelezea mbuzi anapozaa. Kuro akageuza sikio moja. Mkono wa Bibi Mashavu ukatoka kwenye kanga, ukaenda mbele, ukafika nusu ya njia. Ukakaa pale hewani. Kisha ukarudi wenyewe, ukajificha, naye akabaki ameuangalia kama mkono wa mtu mwingine.

“Nani huyu aliyetega?” Nasha alisema nyuma yake, taratibu, kama anayeuliza hali ya mvua. “Huu si waya wa wawindaji wa zamani. Hauna kutu.”

“Watu wabaya hawaishi,” Bibi Mashavu akajibu.

“Hata mabua ya kuelekeza mnyama hakuweka. Mwindaji mwenye njaa huweka. Huyu hakuwa na njaa.”

“Labda alikuwa na haraka.”

“Labda.”

Saa nane kuro alinyoosha shingo. Walisimama wote watatu, wasijue wamesimamia nini. Alipiga teke moja kwa mguu mzima, kisha lile teke likawa mtikisiko, kisha hata mtikisiko ukaisha. Godfrey alivua kofia. Nasha aligeuka akatazama upande wa boma lake. Bibi Mashavu alikuwa amelia siku nne huko Magoma, akadhani machozi yamekwisha, kumbe yalikuwepo.

Daktari alifika saa kumi, matope mpaka mapajani. Aliitwa Filomena, msichana mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko mgongo wake. Alipiga goti, akamshika kuro shingoni.

“Saa mbili zimepita tangu afe,” alisema. “Mngekuwa mmekata asubuhi angepona.” Kisha akaona nyuso zao. “Najua hamruhusiwi. Sisemi nyinyi. Nasema tu.”

Nasha aliinama akaokota fimbo yake.

Daktari akasimama. “Anayetega njia ya wanyama hategi waya mmoja. Kabla hatujafanya lolote tuikague yote mpaka chini. Nani mwenye macho?”

“Bibi Mashavu,” Godfrey alisema, na huzuni yake ikapata fahari kidogo. “Ndiye bingwa wetu, daktari. Hakuna aliyetegua kama yeye.”

“Njia hii siijui, mwanangu,” Bibi Mashavu akasema upesi. “Sijaikanyaga tangu kabla ya Ramadhani. Atangulie Nasha.”

“Tangulia, koko,” Nasha alisema, akimwita bibi kwa Kimasai. “Mimi nipo nyuma yako.”

Akatangulia. Waya wa pili ulikuwa hatua arobaini mbele, baada ya njia kupinda, kwenye majani yanayofika kiunoni. Kutoka juu hauonekani. Alihakikisha hivyo mwenyewe. Angeweza kuuona kwa mshangao, kama alivyopanga. Angeweza kupita pembeni wasiuone, halafu kesho aje kuutoa. Alikuwa bado anachagua, kichwa kimejaa kuro, macho yamejaa maji hata njia haoni, alipofika penyewe. Kichwa hakikusema kitu. Miguu ndiyo iliyokumbuka. Alishika pindo la kanga, akanyanyua goti juu kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake, akatua upande wa pili, akaendelea kutembea.

Nyuma yake hatua zikakoma.

“Bibi,” Nasha akaita. “Umeruka nini?”

“Mwiba,” Bibi Mashavu alisema, bila kugeuka.

Akasikia majani yakitenganishwa kwa fimbo, polepole, kwanza kulia, kisha kushoto. Akasikia bati dogo likigonga jiwe. Godfrey alianza kusema neno akaliacha katikati.

“Na huu mwiba,” Nasha akauliza, “kwa macho yaliyojaa machozi hivyo, umeuonaje?”