Safu ya Mwenyewe

Fundi umeme na dada yake walikuwa wameketi meza moja kwa siku ya nne, na bado hawakuwa wamesalimiana. Nyumba ya marehemu mama yao ilikuwa imepata mpangaji. Kilichobaki ndani ni rafu tatu za gemu za video, mia tatu na kumi na mbili, walizozikusanya tangu wakiwa shule ya msingi. Kila mmoja alikula yamini kwamba nyingi ni zake.

Shemeji, mume wa dada, ndiye aliyewakalisha pamoja. Aliwawekea kwenye kompyuta programu ya bure ya kutunza orodha, akawachorea jedwali: jina la gemu, mashine inayoicheza, mwaka, hali ya diski, mwenyewe. Kisha akaweka sharti. Kila kasha la gemu lifunguliwe mbele ya wote wawili, diski imulikwe kwenye taa, na safu ya mwenyewe ijazwe wakiwa pamoja. Zenye ubishi ziachwe wazi. Jumamosi angezikatia shauri yeye. Fundi alikubali upesi. Shemeji alikuwa mtu wake. Walikuwa wakicheza pamoja kila Jumapili kwa miaka tisa.

Lakini dada alikuwa na kumbukumbu kali na ulimi mkali zaidi. Hii nilipewa mimi nilipofaulu. Hii uliikwaruza ukanisingizia. Hii uliibeba nikiwa nimelazwa. Fundi alimwambia kwamba ana roho ya kutu. Dada akamshauri aliandike hilo kwenye safu ya hali ya diski.

Kufikia Ijumaa mistari mia moja na arobaini ilikuwa bado wazi, na damu ilimchemka fundi. Dada alipokwenda kazini, yeye alibaki na kompyuta. Alikuwa amegundua kwamba programu ile hupokea amri moja na kubadilisha mistari mingi kwa mpigo. Alikusudia kujaza jina lake penye uwazi tu, lakini amri yake haikusema hivyo. Alipobonyeza, safu nzima ikawa yake kufumba na kufumbua, na programu ikahifadhi papo hapo. Hakuwa na nakala ya zamani. Akajipa moyo: bora zaidi, dada aone sasa atarukia wapi.

Jumamosi shemeji alisoma orodha kimya, mstari kwa mstari. Dada alifoka, mumewe akamwomba asubiri. Shemeji alifika kwenye gemu ishirini na moja za rafu ya chini. Zilikuwa za mdogo wake yeye shemeji, aliyefariki. Mama mkwe wake alizitunza baada ya msiba, na siku ya kwanza ziliandikwa kwa jina la marehemu huyo bila ubishi wowote.

“Na hizi, shemeji,” aliuliza taratibu, “nazo ulizikusanya wewe?”

Fundi alisingizia programu. Dada akasema hajawahi kuona mashine yenye mapenzi makubwa hivyo kwa mtu mmoja. Akili ikampotea fundi.

“Sikugusa zako kwa makusudi,” alimwambia shemeji. “Nilitaka kuchukua za dada tu.”

 

“Umenimalizia kazi,” alisema shemeji. “Zote zenye ubishi ni za mke wangu.”

Akazitia gemu za mdogo wake ndani ya begi, moja moja, akipangusa makasha kwa kiganja. Fundi alimuuliza kama Jumapili watacheza. Shemeji alivuta zipu ya begi, akatoka.

Dada aliisukuma kompyuta mbele ya kaka yake.

“Rudisha mistari yangu. Kwa mkono, usinipigie amri yoyote. Mimi nasoma, wewe unaandika.”

“Dada, zenye ubishi pekee ni mia moja na arobaini.”

“Najua idadi yake. Kaa.”

Akakaa. Alipoandika jina la dada mara ya kwanza, alikosea herufi, na dada akamwambia afute aanze upya.