Njia ya Kwenda kwa Noela

Siku ya Marehemu Wote, misa ya asubuhi ilipokwisha, Lidwina hakurudi nyumbani Mjimwema hata kunywa chai. Alivuka uwanja wa kanisa moja kwa moja mpaka kwenye Landrova kuukuu ya mwanawe Calvin, akapanda mbele, akaweka mshumaa mapajani. Mshumaa wenyewe ulikuwa mnene, mweupe. Alikuwa ameununua Majengo akauviringisha ndani ya kanga mpya, kama mtu anavyofunika kichanga.

Kila mwaka siku hiyo aliwawashia wafu wake wote. Marehemu mumewe Rupert alikuwa na kaburi la kuwashia, wazazi wake nao walikuwa na makaburi yao. Asiye na mahali alikuwa mmoja tu: Noela, mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa mkesha wa Noeli kule kijijini kwa Bakili, kabla watu hawajahamishiwa kwenye vijiji vya kandokando ya barabara. Noela hakuliona jua. Padri alikuwa mbali, basi Lidwina mwenyewe, damu ya uzazi haijakauka, alichota maji kwa kata akambatiza. Halafu wanawake wazee wakamchukua.

Desturi ya wakati ule, kichanga huzikwa na wanawake peke yao. Baba hasogei, na mama hatoki ndani wala haulizi. Lidwina hakutoka, wala hakuuliza. Mama mkwe wake Kunegunda alikwenda na siri ya kaburi hilo ahera. Aliyebaki akijua ni wifi yake Odilia, ambaye siku ile alikuwa msichana mdogo tu aliyebebeshwa jembe. Na sasa macho ya Odilia yalikuwa yanaingia ukungu. Ndiyo maana Lidwina alimpigia simu Calvin huko Dodoma: "Njoo na hilo gari lako la porini. Mwakani shangazi yako hataweza kunionyesha."

Calvin alikuja. Kwake yeye likizo maana yake ilikuwa kuzurura kwenye njia zisizo na lami, mahali ambapo hata baiskeli hujishauri.

"Mtu na akili zake," Odilia alisema kutoka kiti cha nyuma, ameshikilia chupa ya togwa isimwagike, "ananunua gari la kwendea wasikokaa watu! Wifi, mtoto huyu ulimlea na nini?"

"Ni damu ya kwenu hiyo. Kaka yako naye alikuwa hatulii nyumbani."

"Alikuwa anakimbia mdomo wako!"

Calvin alicheka mpaka usukani ukayumba.

Waliiacha lami ya kwenda Tunduru wakaingia kwenye njia ya udongo mwekundu, kisha wakaiacha hiyo nayo, wakafuata njia ya matrekta ya magogo. Hapo dunia ilibadilika. Miti ya miombo ilikuwa imechipua majani mapya, mekundu kama divai, na jua lilipopenya, hata mikono yao ilionekana myekundu. Moto wa kiangazi ulikuwa umepita chini. Ardhi ilikuwa nyeusi, na juu ya weusi huo majani mabichi yalikuwa yanatoboa, membamba kama nywele za mtoto. Gari lilikwenda polepole, likiinama huku na kuinuka kule, na Lidwina akajiona kama amebebwa mgongoni na mtu mkubwa asiyemjua. Alisali rozari bila kuhesabu punje. Mara nyingine alisahau kama wanakwenda mbele au wanarudi nyuma, kwenye miaka.

Kwenye korongo Calvin alisimamisha gari. Lidwina alishuka na fimbo, akatangulia kupima matope, kanga ameipandisha magotini.

"Huku kushoto kunanasa," alisema. "Pita kulia."

Calvin akaingiza gia ya nguvu, magurudumu yote manne yakatafuna ukingo, Landrova ikapanda ikitetemeka kama ng'ombe anayetoka mtoni.

Ng'ambo wakamkuta mwanamume anateremsha mizinga ya nyuki kwenye baiskeli. Alijitambulisha kuwa ni Twaha, kwao Namasakata.

"Shikamooni, mama zangu. Mmepotea?"

"Marahaba. Hatujapotea, tumechelewa," Lidwina alijibu. "Mahame ya kwa Bakili unayajua?"

"Nayajua, wallahi. Hapa mbele njia inagawanyika. Ya kushoto inateremka mtoni, ya kulia inapanda hadi kwenye majumba yenyewe, yaani pale palipokuwa na majumba. Nyuki wangu wanapapenda."

Walipofika penye njia panda, Lidwina alinyoosha mkono kushoto. Miaka yote hiyo alikuwa amempeleka Noela mtoni akilini mwake, maana vichanga huzikwa kwenye udongo wenye unyevu, na unyevu uko mtoni. Alikwisha hata kuuota ndotoni ule mto.

"Kulia," Odilia alisema.

"Wifi, hatuendi kutazama nyumba. Tunakwenda kwa mtoto."

"Kwani mimi nimesema tunakwenda wapi? Kulia."

"Huoni vizuri, Odilia."

"Sioni, ndiyo. Lakini jembe lile lilikuwa zito kuliko mimi. Ningelibeba hadi mtoni, bega hili lingekumbuka." Akamgonga Calvin begani. "Zima gari, baba. Linanipigia kelele kichwani."

Calvin alizima. Kimya kikaingia kama maji. Odilia aliinamisha kichwa akasikiliza: mto ulisikika chini kabisa, mwembamba, upande wa kushoto.

"Tulipokuwa tunachimba nilikuwa nausikia hivi hivi," alisema. "Kwa mbali."

Lidwina aliubana mshumaa. Kama wifi yake amekosea, jua litawachwea huku juu na mto hawataufikia. Na kama yeye Lidwina ndiye aliyekosea, basi amemlilia mwanawe mahali ambapo hakuwahi kuwapo. Alimtazama Mama Bikira Maria aliyening'inia kwenye kioo cha gari, naye alikuwa anazunguka tu kwenye uzi wake.

"Haya, mwanangu," alisema. "Kulia."

Juu kulikuwa na uwazi mkubwa. Moto ulikuwa umefagia nyasi zote, na mahame yalikuwa wazi kama mkeka uliotandikwa: viduara vya misingi, vigae vya vyungu, mafiga matatu ya mtu fulani bado yametazamana. Lidwina alitembea katikati yake kwa hatua za mtu asiyetaka kuamsha watoto. Kisha akasimama.

Jiwe lake la kusagia lilikuwa palepale. Siku ya kuhama Rupert alikuwa amejaribu kulinyanyua likamshinda, wakaliacha. Lidwina alipiga magoti akaingiza kiganja kwenye bonde la jiwe, na kiganja kikaenea, kwa kuwa bonde lile alilichimba yeye mwenyewe kwa unga wa kila siku.

"Umelipata jiwe?" Odilia aliuliza, akija amemshika Calvin mkono.

"Nimelipata."

"Ukisaga ulikuwa unatazama mlango. Sasa geuka. Nyuma yako, uliposimama ukuta, pale palipokuwa panachuruzika maji ya paa. Hapo."

Lidwina hakugeuka mara moja.

"Hapo nilikuwa namwaga maji," alisema. "Ya vyombo. Ya kunawa. Kila asubuhi."

"Ndiyo. Mama alisema mtoni ni mbali, mtoto ataona baridi. Akasema, 'Hapa mama yake atamnywesha.' Kwani yeye hakukwambia kamwe?"

"Desturi ni kutouliza."

"Na mimi nikadhani unajua! Nilikuwa nakuona unamwaga maji taratibu vile, hurushi kama wenzako. Nikasema moyoni, wifi anajua."

Lidwina aligeuka. Hapakuwa na kilima wala msalaba, ila nyasi za hapo zilikuwa zimezitangulia nyingine. Zilikuwa zimefika kifundoni na kukolea kijani, kama vile mchirizi wa paa haujakoma. Alikumbuka mikono yake ya ujana, ikiinamisha beseni taratibu bila kujua sababu. Calvin alivua kofia, akasogea pembeni.

Lidwina aliwasha mshumaa, upepo ukauzima. Akauwasha tena, ukazimika.

"Uache," Odilia alinong'ona. "Mtoto huyu hakuwahi kuzoea moto."

Basi Lidwina akamwomba Calvin dumu la maji ya gari. Alinawa mikono juu ya zile nyasi, taratibu kama zamani, akaacha maji yateremke vidoleni hadi ardhini. Alisema, "Noela," kwa sauti ya mtu anayeita aliye chumba cha pili. Kisha akainamisha dumu, akaendelea kumimina mpaka udongo mweusi ukang'aa, na kule chini mto ukawa unasikika, kwa mbali.